Bei ya Mashine ya Mashewa

Miaka tisa nilitembeza vitenge kwenye minada, leo Handeni, kesho Korogwe, hadi magoti yakaanza kunilalamikia. Kwa hiyo niliposikia kwamba mashine ya kusaga pale Mashewa inauzwa, niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Tuliuza kiwanja chetu cha Handeni. Mume wangu akanifundisha la kusema: anza chini, usionyeshe hamu. Mimi nifiche hamu! Labda anifunge kitambaa usoni.

Mwenye mashine alikuwa mzee aliyewahi kuwa fundi kwenye shamba la mkonge. Nilimwamkia, akanikaribisha kwenye benchi, na kabla hajamaliza kuniuliza habari za nyumbani nikawa nimeshataja bei yangu. Akanitazama kuanzia kilemba hadi viatu. Nilikuwa nimevaa kama naenda harusini.

"Kuna bwana wa mjini amenitajia zaidi ya hiyo," alisema. "Ila anataka kuing'oa aipeleke kwake. Wewe utaiacha hapa?"

"Hapahapa, mzee."

"Umewahi kusaga?"

Nikamwambia nimesagiwa maisha yangu yote. Hakucheka. Alinipa khanga kuukuu nijifunge, akaniachia foleni ya akina mama, mwenyewe akabaki kwenye benchi.

Foleni ni foleni, nilijiambia, aliyewahi kawahi. Wa kwanza alikuwa na mtama mwekundu, nikausaga. Wa pili alileta mahindi yaliyokobolewa, meupe pe, ya ugali wa wageni wa maulidi. Nikayamwaga bila kufikiri. Unga ukatoka na wekundu.

"Dada, huu unga au ugolo?" aliuliza yule mama, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Wote walijua nisichokijua: mahindi meupe hutangulia, mtama husubiri mwisho, hata kama mwenye mtama kaamka na majogoo. Mzee naye alijua, ila alininyamazia makusudi. Nilikasirika, tena sana, na machozi yakanilenga kwa sababu niliona mashine inanitoka hivihivi.

Nilikwenda nyumba ya jirani nikanunua debe la mahindi. Nikapitisha pumba kusafisha mashine, nikakoboa, nikasaga upya. Yule mama alichota unga kwa vidole viwili, akautazama juani, akasema, "Haya." Ule mwekundu niliubeba mimi, tukaula nyumbani wiki nzima.

Nilipokuwa najikung'uta ili niondoke, mzee aliniita.

"Bei yako iongeze kidogo, mwanangu, yule bwana asije akanicheka. Kidogo tu."

Nikaongeza palepale. Mafunzo yote ya mume wangu yalishayeyuka.

Siku ya kwanza ya mashine kuwa yangu nilifika mapema, nikamkuta mzee mlangoni na debe lake. Lilikuwa la mtama. Aliwapisha wenye mahindi mmoja mmoja, akakaa hadi foleni ikaisha. Nikamsagia, nikamfungia unga, na alipotoa hela nikaurudisha mkono wake.

"Hapana, mzee, wewe tena nikutoze?"

Alikunja uso. "Mashine hii uliinunua au uliiazima?"

Nikapokea hela yake kwa mikono miwili.