Chupa Sita za Mtandire

Mama yangu husuza bidoni mara tatu kabla ya kulijaza maji. Pale Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, kwenye pampu ya mkono iliyo karibu na kanisa letu, jambo hilo limemletea maneno mengi. Foleni ni ndefu, jua linachoma, na yeye anatia maji kidogo, anatikisa, anamwaga, anaanza tena. Wanawake walio nyuma yake wanalalamika kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda, wala hageuki. Mimi nilianza kusuza hivyo tangu kwetu Bukavu, nilipokuwa naweza kuinua bidoni la lita tano tu, na siku niliyojaribu kusuza mara mbili nilirudishwa bombani mbele ya watu. Nayaeleza haya mapema kwa sababu yalikuja kunitokea puani.

Nilikuwa nasoma kozi ya maji na usafi hapo kambini. Mwalimu wetu aliona kwamba tunajua kuchora pampu ubaoni lakini hatujawahi kushika spana, basi akaamua kila mwanafunzi aunganishwe na mtu wa Lilongwe aliyekula chumvi nyingi katika kazi ya maji. Majina ya washauri yaliandikwa kwenye vikaratasi vikatiwa katika beseni, nasi tukapita mmoja mmoja kuchota. Mwenzangu wa dawati alimpata injinia mwenye gari la ofisi. Mimi nilipata mama mmoja wa mtaa wa Area 18, fundi mstaafu wa mabomba. Nilinuna, sina haja ya kudanganya. Nilinuna mpaka mwalimu akaniuliza kama nina jino linaloniuma.

Tulichokuwa tunakitafuta wote kwa washauri hao ni barua. Maabara moja ya kupima maji mjini ilikuwa na nafasi moja tu ya mafunzo ya kazini, na mkuu wake alikuwa hampokei mtu asiye na barua ya mshauri aliyemwona akifanya kazi kwa macho yake. Bila mafunzo hayo nisingepata cheti. Bila cheti ningerudi kwenye cherehani ya mama kushona sare za kwaya. Cherehani haina ubaya, imetulisha tangu tufike Malawi, lakini mimi nilikuwa nimeshazishona kola za kutosha.

Basi Jumamosi ya kwanza nikachukua karatasi yangu ya ruhusa ya kutoka kambini, nikaenda. Nilimkuta barazani kwake amevaa kandambili na chitenje kiunoni, mkoba wa kanisani begani. Ndani ya mkoba mlikuwa na spana, tochi, leso na Biblia ndogo. Nilimwita Amayi, yaani mama, kama kila mtu wa mtaa ule alivyomwita. Tulizungumza kwa Kichewa changu cha sokoni na Kiingereza chake cha kazini, na maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili maana ndivyo yalivyonifikia.

Hakuniuliza nimesoma nini. Alinipa fimbo ya chuma yenye kichwa kipana, akaisimamisha juu ya kifuniko cha vali pembeni mwa barabara, akaniambia niweke sikio.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, Amayi."

"Vizuri. Wengi husema wanasikia ili wanifurahishe."

Aliweka sikio lake mwenyewe, akafumba macho, akatembea hatua kumi na mbili, akaweka tena, akarudi tatu, kisha akachora msalaba kwa chaki kwenye lami. Wiki mbili baadaye nilipita hapo nikakuta mafundi wamechimba. Shimo lilikuwa juu ya ule msalaba, na chini yake bomba lilikuwa linatema maji. Siku hiyo kinyongo changu kilikwisha. Nilianza kumpenda mama yule kwa namna mtu anavyompenda mpishi baada ya kuonja.

Alikuwa na taratibu zake. Hakuwahi kufungua bomba la watu kabla ya kuwasalimia mpaka salamu ziishe, na salamu za Malawi haziishi upesi. Kila kitu alikiandika papo hapo katika daftari la shule lenye jalada la bluu, kwa kalamu ya wino, na akikosea alipiga mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka. Nilipomuuliza kwa nini haandiki kwa penseli, alinitazama kana kwamba nimetukana.

Mwezi wa tatu tangu tuanze aliona niko tayari kuchukua sampuli peke yangu. Wauzaji wa maji katika vioski sita vya mtaa wa Mtandire walikuwa wamemwomba msaada, maana kwenye kioski cha chini kabisa, karibu na mtaro, watoto walikuwa wanaharisha. Amayi alikuwa amekubaliana na yule mkuu wa maabara kwamba tutaleta chupa sita na zitapimwa siku hiyo hiyo. Mkuu huyo alikuwa mwanafunzi wake zamani. Ndiye mwenye ile nafasi moja. Amayi alimwambia kwenye simu, mimi nikisikia, "Msichana wangu atachukua mwenyewe. Namwamini." Nilivimba kichwa siku nzima.

Chupa za sampuli hutoka maabara zikiwa zimeshachemshwa na kufungwa. Ndani ya kila moja mna punje chache za unga mweupe. Kazi ya unga huo ni kuizima dawa iliyomo katika maji ya bomba, ile klorini, ili isiendelee kuua vijidudu chupa ikiwa njiani. Unga ukimwagika, dawa inaendelea kufanya kazi ndani ya chupa, na maabara inapima maji safi kuliko yale wanayokunywa watu. Ndiyo maana karatasi ya maelekezo inakataza kuisuza chupa. Nilikuwa nimeisoma karatasi hiyo. Nilikuwa nimeikariri, na jana yake nilikuwa nimemsomea mama.

"We mutoto," mama aliniambia, "batu banakupa chupa, unatia maji bila kuisuza? Na vumbi ya mu njia?"

"Bameipika mama, iko safi."

"Mi siwezi kunywa mu chupa kama ile."

Tulicheka. Asubuhi yake nikashuka Mtandire na kisanduku cha barafu, nikawasalimia wauzaji mpaka salamu zikaisha kama nilivyofundishwa, nikaacha maji yatiririke, nikaandika saa na mahali, nikajaza chupa sita. Nilifanya kila kitu kwa heshima kubwa. Saa tano nilikuwa nimemkabidhi Amayi kisanduku nyumbani kwake, akanisifu, nikashika njia ya kurudi kambini kabla ruhusa yangu haijaisha.

Lumbadzi nilishuka kubadilisha gari, nikasikia kiu. Kando ya waendesha kabaza, zile baiskeli za abiria, kulikuwa na mama anauza thobwa, kile kinywaji cha mahindi na mtama, kwenye ndoo. Alichukua kikombe, akatia maji kidogo, akatikisa, akamwaga. Mara ya pili. Mara ya tatu. Kisha akanimiminia.

Nilikishika kile kikombe bila kunywa. Niliuona mkono wangu mwenyewe kwenye kioski cha kwanza, ukitia maji kidogo, ukitikisa, ukimwaga. Niliuona kwenye kioski cha pili. Chupa zote sita, mara tatu tatu, huku kichwa changu kikiwaza saa na mahali na jinsi nitakavyosifiwa.

Hakuna aliyeona kosa. Wauzaji wangeona ajabu kama nisingesuza. Chupa zingefika maabara, zingetoka safi, mkuu angefurahi, Amayi angeandika barua. Na akina mama wa kioski cha chini wangeambiwa maji yao hayana neno, waendelee kuwanywesha watoto. Nilitoa simu, nikatafuta namba ya Amayi, nikairudisha mfukoni. Kwetu habari mbaya haisemwi kwa simu. Aliye nayo anaibeba mwenyewe mpaka mlangoni. Nilimrudishia yule mama kikombe kikiwa kimejaa, nikavuka barabara, nikapanda gari la kurudi mjini. Njia nzima nilijitukana kwa lugha zote ninazozijua, na ninazijua nne.

Nilimkuta Amayi anakula nsima, ugali wa huku, na majani ya maboga. Kisanduku kilikuwa mlangoni tayari kupelekwa. Nilisema nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitasema.

"Amayi, nilizisuza."

"Ngapi?"

"Zote."

Hakupandisha sauti. Alinawa mikono, akafungua kisanduku, akazimwaga chupa moja moja kwenye shina la maboga yake. Kisha akafungua daftari la bluu, akaandika kwa wino huku akinitamkia: sampuli sita, zimeharibika, sababu zimesuzwa.

"Nani alikufundisha kusuza?"

"Mama yangu."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Alikufundisha vizuri. Msalimie."

Halafu akapiga simu maabara. Nilitarajia nisikie jina langu. Alisema, "Leo hatuleti kitu, tumekosea. Tupe chupa nyingine, tutazileta Jumatatu." Alisema tumekosea. Mama wa watu alikuwa amefanya kazi hiyo miaka na miaka bila kuharibu chupa, na ndani ya dakika moja alijitia kwenye kosa langu kama anayesogea kumpa mtu nafasi kwenye benchi. Nililia. Akaniacha nilie, akanipakulia nsima.

Usiku huo nililala kwake, na karatasi ya ruhusa ilipitwa na muda. Kesho yake nililazimika kujieleza sana kambini. Jumatatu nilirudi na ruhusa mpya, nikachukua sampuli upya, mkono wa kulia nikiwa naukazia macho kama mwizi. Chupa ya kioski cha chini ilirudi na vijidudu. Amayi alienda na fimbo yake, akakuta bomba dogo lililopita mtaroni lina ufa. Likabadilishwa, na wauzaji wakatuletea mahindi ya kuchoma.

Barua aliniandikia mwezi uliofuata. Alinipa ikiwa wazi, akasema nisome. Mistari ya juu ilinisifu kwa bidii na salamu. Kisha nikaona maneno haya: "Alisuza chupa sita za sampuli..." Sikuendelea.

"Amayi, naomba ufute hapa."

"Sifuti. Umeliona daftari langu."

"Watampa mtu mwingine nafasi!"

"Labda."

Nikaikunja barua, nikaondoka bila kunywa chai yake. Mtoto wa Bukavu aliyelelewa haachi chai ya mama mtu mezani. Mimi niliiacha, na mpaka leo naona haya.

Siku ya mahojiano tulikuwa wanne nje ya ofisi ya mkuu wa maabara. Wenzangu watatu walikuwa na viatu vizuri na barua zenye mihuri. Nilipoingia, alikuwa amezipanga barua zote mezani. Alichukua yangu, akaisoma kimya, akarudi juu, akaisoma tena.

"Ulijua kwamba zingetoka safi?"

"Nilijua."

"Na ulipokumbuka ulikuwa umeshafika wapi?"

"Lumbadzi."

Aliweka kidole juu ya barua za wenzangu. "Hawa wote hawajawahi kukosea. Siku wakikosea humu ndani, mimi nitajuaje?" Kisha akanigeuzia karatasi yangu. "Mama huyu hajawahi kuniandikia barua ya mtu. Umeisoma mpaka mwisho?"

Nikatikisa kichwa. Akanisomea mwenyewe, polepole. Aliposema nianze Jumatatu, nilikuwa bado nimekwama kwenye mstari wa mwisho.

Kabla ya kurudi kambini nilipitia Area 18. Nilipiga magoti barazani kama wafanyavyo wanawake wa huku, nikasema zikomo, asante yao, nikaomba chai. Alinipa kikombe kikubwa, akaniuliza kama ni kile nilichokiacha.

Jioni nilimkuta mama yuko kwenye cherehani. Nikamwambia nimepata staji, yale mafunzo ya kazini, akapiga kigelegele, majirani wakaja. Walipotawanyika alitaka kujua yule mama wa Lilongwe aliandika nini. Nikaifungua barua niliyorudishiwa na mkuu, nikamgeuzia kwa Kiswahili chetu:

"Alisuza chupa sita za sampuli, kwa sababu mama yake alimulea muzuri. Akatoka Lumbadzi akarudi kuniambia, kwa sababu ile ile."

Mama aliondoa mguu kwenye cherehani. Kitambaa cha kwaya kilibaki chini ya sindano.

"Ile mama," alisema, "mi hanijue."

"Hakujue, mama."

"Soma tena."