Redieta ya Nyumba ya Pili

Mjukuu wangu wa kike alitoa viti vyote sebuleni, akapiga magoti, akaanza kuchora kwa chaki kwenye sakafu yangu ya simiti. Nilimwacha. Ni mtu mzima, unga wa nyumba hii unatoka mkononi mwake, na nilijua kilichokuwa kinamchoma.

Kazi yake ni kutengeneza picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa. Mwenye kiwanja anatumiwa filamu, anaona mlango wake ukifunguka na jua likiingia jikoni, na hata msingi haujachimbwa. Filamu hizo zinapikwa na kompyuta yenye kadi mbili za picha, kila moja nzito kama tofali. Zimekaa moja juu ya nyingine, na ile ya juu inavuta pumzi ya moto ya ile ya chini. Hapa kwetu Rangwe, chini ya mabati, jua likiwa kali, feni zake zinalia kama posho mili ya kusaga unga, halafu mashine inajizima yenyewe kazi ikiwa katikati. Ilijizima hivyo mara nyingi sana msimu ule wa kiangazi. Mkandarasi mmoja wa Migori alikuwa amemwambia wazi kwamba filamu ya soko lake ikichelewa tena, kazi inaenda kwa mtu mwingine, hiyo na zote zinazokuja.

Ndipo akaamua kuzipoza kadi kwa maji.

"Maji na umeme, sanduku moja," nilimwambia. "Wewe uko sawa?"

"Hayagusani, Dani," akasema; ndivyo anavyoniita mimi bibi yake. "Maji yanapita ndani ya mipira."

"Mpira ukitoka?"

"Ukitoka, kadi zimekufa. Ndiyo sababu nachora kwanza."

Alichora tangi dogo, akachora pampu, akachora kadi mbili na mshale ukipita ya kwanza kisha ya pili, halafu ukaenda kwenye redieta ya kupoza yale maji, ukarudi kwenye tangi. Nilisimama juu yake na ufagio. Nikamwambia kadi ya pili inaonewa, itakunywa maji ambayo mwenzake ameshapasha moto. Akasema maji yanazunguka haraka, tofauti yake ni kidogo kabisa. Sikuamini. Baadaye alinionyesha kwenye kioo cha mashine, na nilikuwa nimekosea.

Vitu vingine vilikuwa vimefika kwa kifurushi: pampu, viungo vya mipira, na vibao viwili vya shaba vya kufunikia kadi, vyenye mifereji myembamba ndani kama nywele. Kisima chetu alikikataa. Alinionyesha ukoko mweupe kwenye sufuria yangu ya chai, akasema huo ukiingia kwenye ile mifereji kazi imekwisha, kwa hiyo akanunua maji safi ya betri kwenye kituo cha petroli. Kilichobaki ni redieta. Ya dukani ingetoka mbali sana na mkandarasi hangoji.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipoingia. Nilikuwa kwa nyieka wangu, mke mwenzangu, tukigawana sukari, nikamwambia mtoto anatafuta redieta ndogo.

Lazima nieleze kidogo. Mimi ndiye mikayi, mke wa kwanza. Yeye alikuja baada yangu, na mzee alipokuwa hai nyumba zetu mbili zilikuwa zinaangaliana tu kuvuka uwanja. Mzee alipozikwa ndipo tulianza kununua sukari pamoja. Urafiki wenyewe ulikuwa bado mchanga. Na katika boma letu, zawadi ya nyumba ile nyingine haikataliwi. Ukiikataa, watu hawatakuuliza sababu. Watasema unaogopa kilichotiwa ndani.

Mwana wa nyieka ni fundi wa magari kule Uriri. Haikuchukua siku nyingi, nyieka akavuka uwanja na redieta kichwani, imefungwa leso. Imeoshwa, imepakwa rangi nyeusi ya kung'aa.

"Mikayi, nyumba yangu nayo imeleta," akasema.

Niliipokea kwa mikono miwili. Majirani waliona.

Mjukuu wangu aliporudi kutoka sokoni aliigeuza, akachukua kisu, akakwaruza rangi mahali padogo. Chini yake palikuwa peupe kama sufuria. Akaiweka chini polepole.

"Dani, hii ni alumini."

"Na ikiwa alumini?"

"Vibao vyangu ni shaba. Shaba na alumini zikinywa maji mamoja, alumini inaliwa. Uchafu wake unaziba mifereji ya kadi. Halafu siku moja inatoboka na maji yanamwagika ndani."

"Siku gani?"

"Sijui. Labda mwezi huu, labda mwaka ujao. Kuna dawa ya kutia kwenye maji lakini siiamini na kadi zangu."

Akanitazama usoni, jambo ambalo halifanyi ovyo.

"Ukiniambia niiweke, nitaiweka," akasema. "Lakini uniambie wewe."

Siku ile sikula vizuri. Nilifikiria kumwambia aifunge kwa nje tu, ionekane, maji yasipite. Lakini nyieka si mjinga, na uongo wa kitu kinachokaa sebuleni unataka kutunzwa kila siku. Nilifikiria pia kusema iwekwe, Mungu ataangalia. Halafu nikaona yule msichana akifuta feni kwa kitambaa chenye maji ili mashine imalizie dakika chache za filamu, na ikazima tu. Alikaa mbele ya kioo cheusi mikono mapajani.

Kesho yake nilivuka uwanja. Nyieka alikuwa anabambua njugu.

"Redieta haitaingia," nikamwambia.

"Ina nini?"

"Ni alumini. Mashine ni shaba. Haziwezi kukaa maji mamoja."

Aliendelea kubambua. "Haziwezi kukaa pamoja."

"Ndivyo mtoto alivyosema."

"Na siku nilipoleta, mbona hukusema?"

"Sikuwa najua."

"Leo umejua kusoma chuma," akasema. "Na darasa lako tunalijua sote."

"La kwako pia tunalijua."

Hakucheka. Nilirudi kwangu, naye akaja kuichukua ile nyeusi majirani wakiona, na sukari ya wiki ile kila mtu alinunua yake.

Jumapili mwanawe akaja na pikipiki kutoka Uriri. Nilimwona akiingia kwa mama yake, nikaona akikaa huko, nikaona akitoka na kuja moja kwa moja kwangu. Nilijiweka tayari kwa matusi.

"Mama, hamjambo. Niko na njaa, lakini kwanza nionyesheni hiyo shaba."

Mjukuu wangu akampa kibao kimoja. Akakipima mkononi, akakikwaruza kwa ukucha.

"Baba mdogo, umekasirika?" msichana akamwuliza.

"Nikasirike na chuma? Mimi niliambiwa redieta. Sikuambiwa inaenda kuolewa na nani." Akarudisha kibao. "Za siku hizi zote ni alumini na plastiki. Ungenipigia simu. Ya shaba inataka gari la zamani."

Akafikiri. Nyuma ya gereji yao kuna lori lililoota majani, na ndani ya kabini yake kuna kiredieta kidogo, saizi ya Biblia, kilichokuwa kinampa dereva joto.

"Nani alitaka joto Uriri?" nikamwuliza.

"Mama, lori lilitoka Ulaya. Halikuulizwa linaenda wapi."

Alikileta katikati ya wiki, amekichokonoa na kukisukutua mpaka maji yakatoka safi, na midomo miwili ya mipira ameiunga kwa risasi ya kulehemu. Mjukuu wangu alikwaruza, akaona wekundu, akashusha pumzi.

Asubuhi ya kujaribu, nyieka alifika kabla sijafagia. Amebeba kigoda chake mwenyewe.

"Nimesikia ni leo."

"Ni leo."

"Basi nitakaa. Hiki kikivuja, itasemwa ni nyumba yangu iliyoua mashine. Afadhali nione kwa macho."

Nikampisha apite, kwa sababu ndivyo ingesemwa.

Msichana alitueleza sote wawili. Kila kitu kimefungwa mahali pake, lakini umeme unakwenda kwenye pampu peke yake. Kadi zimelala. Karatasi nyeupe za shashi zimewekwa chini ya kila kiungo, na zikikaa kavu mpaka jioni, ndipo mashine itawashwa. Akawasha pampu. Maji yakapanda kwenye mipira, yanasukuma mapovu, yakapita kadi ya kwanza, ya pili, yakaingia kwenye kile kitu cha lori.

Tulikaa. Nyieka aliangalia kiredieta bila kupepesa, mimi niliangalia kilichobaki. Nilimpa uji, akaushika, ukapoa mkononi.

Jua lilikuwa limeshapanda, mabati yameanza kulia kwa joto. Ndipo nikaona karatasi ya chini ya kadi ya pili imebadilika rangi, doa dogo kama jicho la kuku. Nyieka ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Kuna maji."

Msichana akazima pampu. Tone lilikuwa limeshuka mgongoni mwa kadi, likasimama pale. Alilinyonya kwa pembe ya karatasi, akapangusa, akapuliza, akasubiri, akapangusa tena.

"Imekufa?" nikauliza.

"Haikuwa na umeme. Ikikauka vizuri itapona."

Alifungua kiungo. Kipete cha mpira kinachozuia maji ndani yake kilikuwa kimejikunja wakati wa kukaza, na aliyekaza ni yeye mwenyewe.

Nyieka aliinama akatazama, kisha akanitazama mimi.

"Umeona ni wapi."

"Nimeona."

"Si kwenye lori."

"Si kwenye lori."

Msichana akaweka kipete kingine, akabadilisha karatasi zote, akasema kwa aibu kwamba sasa siku inahesabiwa upya, na jaribio litaendelea mpaka kesho. Dani mwingine anaweza kwenda kupumzika, akasema, tutamwita.

"Nani apumzike?" nyieka akasema. "Mkianza upya, na mimi naanza upya. Tumeni mtu anifungie mbuzi."

Akakisogeza kigoda karibu na meza. Jioni alikwenda kulala, na asubuhi alikuwa mlangoni tena. Karatasi zilikuwa kavu. Alizigusa moja moja kwa kidole, hakumwamini mtu, halafu akamwambia msichana, "Washa."

Iliwaka. Msichana aliipa ile filamu ya soko la Migori, yote, na sisi tukasimama tukisubiri kelele. Kulikuwa na mvumo mdogo tu. Jua likafika juu ya mabati, mashine haikuzima.

Nyieka alichukua kigoda chake. Mlangoni akasimama, mgongo kwangu.

"Wale walioniona nikirudisha ile nyeusi kwangu," akasema, "utawaambia?"

"Nitawaambia."

"Uwaambie yote. Na kile kiungo kilichovuja ni cha nani."

"Hiyo pia nitawaambia."

Akaenda. Mkandarasi alipata filamu yake, na mimi Jumapili, nje ya kanisa, nikawaambia majirani yote mbele ya nyieka kama nilivyoahidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanirekebisha mahali pawili.