Mnyonya Damu Anayebisha Hodi

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Sindano alitoa watu damu katika maabara ya hospitali, na miaka yote hiyo hakuwahi kutazama uso wa mtu. Autazame wa nini? Yeye kazi yake mishipa. "Kunja ngumi. Haya, mwingine!" Watu arobaini kabla ya saa sita mchana, kama Mkuu wa maabara alivyotaka. Watoto walimkimbia, na watu wazima, tusidanganyane, walitamani kumkimbia.

Siku moja binti wa dada yake akamwekea kwenye simu katuni ya Kijapani ya wanyonya damu. "Mama mdogo, hii si ya kitoto." Mama Sindano akaguna. Katuni! Mtu mzima na miwani yake! Lakini wakati wa mapumziko akachungulia, na chai ikapoa mezani.

Mle ndani mnyonya damu wa miaka mia tatu alibisha hodi kila mlango akiuliza, "Unaogopa nini?" Asiporuhusiwa, alilala njaa. "Nikichukua bila kuomba," alisema, "nina tofauti gani na kupe?" Swali hilo lilimkaa Mama Sindano rohoni. Aliona aibu, aibu kweli, kwamba zimwi la kuchorwa lilimshinda adabu.

Kesho yake naye akaanza kuuliza. Loo, kumbe watu wana mengi! Mzee mmoja aliogopa majibu, si sindano. Watoto wakaacha kukimbia. Ila hesabu ikashuka hadi watu ishirini na wawili, na Mkuu akapandisha mori.

"Hapa ni maabara, si baraza! Usipofikisha arobaini wiki hii, nakupeleka kufua mashuka."

Ijumaa Mkuu mwenyewe akaja kupimwa. Alipoketi tu, jasho likamtoka. Mama Sindano akavuta kiti karibu.

"Unaogopa nini, bosi?"

Mkuu akatazama mlangoni, akanong'ona, "Baba yangu alipimwa hivi hivi. Hakumaliza mwezi."

Mama Sindano akamwacha apumue. Mkuu alipoitikia kwa kichwa, sindano ikaingia taratibu. "Asante sana, dada," alisema, macho yamelowa. Kisha akashusha mkono wa shati. "Mimi wa ngapi leo?"

"Wa kumi na tisa."

"Kumi na tisa, saa sita hii?" Akatoa kalamu mfukoni.

Jumatatu Mama Sindano alikuwa kwenye chumba cha kufulia, mikono imezama kwenye povu. Siku hiyo hiyo Mkuu aliitwa kurudia kipimo. Alikaa kwenye kiti kile kile, akamtazama mtoa damu mpya, akasubiri kuulizwa.

"Kunja ngumi," aliambiwa. "Haya, mwingine!"