Kiazi cha Kunde ya Porini

Nilipoolewa Mbeere kutoka Muthara, sikuwa nimewahi kula mmea ambao hakuna aliyeupanda. Mama mkwe wangu ndiye aliyenionyesha kunde ya porini. Inatambaa, maganda yake ni membamba, na chini kabisa ya udongo ina kiazi chenye maji. Maganda machanga aliyachemsha na mahindi. Kiazi alikimenya tukakitafuna kibichi, kitamu kidogo, baridi mdomoni.

Miaka michache baadaye nilikuwa nafundisha shule ya msingi karibu na Siakago. Mvua ilikosa misimu miwili mfululizo, na mama mkwe akaanza kwenda porini na mtaimbo karibu kila siku. Nyumbani chakula kilikuwepo, ingawa kidogo. Mimi niliogopa macho ya watu.

"Mama, acha kuchimba huko," nilimwambia Jumamosi moja asubuhi. "Watasema mwalimu anamnyima mama mkwe chakula."

"Nani atasema?"

"Watu."

"Hao watu wamewahi kutuletea unga?"

Akaniomba nimsindikize, maana viazi vya karibu vilikuwa vimekwisha na sasa ilibidi ashuke korongoni. Nikamwambia nina madaftari ya kusahihisha.

Hadi saa saba hakuwa amerudi. Nilimkuta korongoni, ukingo aliokuwa akiuchimba umeporomoka naye. Alikuwa amelala ubavu, mguu umepinda vibaya, vumbi limemjaa midomoni. Nikakimbia kuita majirani wawili. Tulipomwinua hakulia. Alinyoosha kidole kwenye kiondo chake, kilichokuwa na viazi vitatu.

"Msiviache hivyo," akasema.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Alitoka hospitali lakini hakutembea tena. Kwa miezi minne nilimgeuza kitandani na kumwosha vidonda vya mgongo. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilinitesa kuliko maneno. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamwambia kwamba yale madaftari nilikuwa nimeyamaliza Ijumaa.

"Najua," akasema. "Nilikuona ukiyafunga."

Kisha akaomba maji.

Tulimzika kabla ya mvua. Iliponyesha, mimea inayotambaa ilijaa kila mahali, na sikuweza kujua upi ni upi. Nilichimba mahali pawili, nikapata mizizi mikavu tu. Mume wangu alinikuta hapo, akauchukua mtaimbo, tukarudi nyumbani.