Mpaka Mwiko Ukatae

Bi Masouda hakuwa na habari na mpira mpaka Aflah, mtoto wa marehemu dada yake, alipopewa kuifundisha timu ya Chuo cha Jabali. Tangu siku hiyo hakosi mechi. Ana miaka sitini na mitatu, amestaafu ukarani mkuu wa wizara, ana nyumba Khuwair ya Kusini, Oman, na magoti yasiyotaka ngazi. Hukaa mbele kabisa, kwenye kiti cha kukunja anachokuja nacho mwenyewe, na hapo huwadharau watu bila haraka. Huwadharau waamuzi. Huwadharau wachezaji wanaojiangusha. Lakini dharau yake iliyonona huiweka kwa ajili ya Chuo cha Wadi Sidra, kule upande wa Mabela, ambao hata jezi zao, kwake yeye, zina rangi ya dawa ya kikohozi.

Aflah alilelewa naye, na nusu ya utoto wake aliimaliza jikoni kwa khaloo wake, kama anavyomwita. Alipotaka njia ya kuwaelekeza vijana wake bila wapinzani kufahamu, alichukua maneno ya jiko hilo. Wachezaji wengi wa Jabali wametoka nyumba za Kiswahili, na wasiotoka humo walifundishwa maneno manne tu. Akiita "pilipili", wanambana mpinzani palepale. Akiita "mkate wa kumimina", wote wanamwagika mbele. "Funika" ni kurudi nyuma. Na "bokoboko", chakula kile cha ngano na nyama kinachosongwa kwa saa nyingi, ni kuushika mpira na kuupitisha taratibu mpaka wale wengine wachoke. Bi Masouda alijivunia maneno hayo kuliko alivyojivunia miaka yake thelathini ya wizara.

Kwenye nusu fainali Wadi Sidra waliwafunga tatu bila. Kila pilipili ilipoitwa, mpira ulikuwa umeshapigwa mbali. Mkate wa kumimina ulipoitwa, mabeki wao walikuwa washajipanga kama wageni waliowahi karamu. Wiki mbili baadaye kamati ya ligi ya vyuo ikatoa taarifa: Wadi Sidra walimweka mtu na kamera juu ya paa la duka la samani linaloangalia uwanja wa mazoezi wa Jabali, na walikuwa na orodha ya maneno ya Aflah pamoja na maana zake. Matokeo yakafutwa, kocha wao akafungiwa, Jabali wakapelekwa fainali.

Siku hiyo kundi la wasap la mashabiki liliona Idi kabla ya Idi. Mzee Maan, mwenye karakana ya viyoyozi Darsait, aliuliza kama yule wa paani analipwa kwa saa au kwa jua. Mwingine aliwashauri Wadi Sidra wafungue idara ya kupanda mapaa, watoe na shahada. Mama mmoja alituma picha ya paka juu ya ukuta, akaandika chini yake: kocha msaidizi. Bi Masouda alituma sauti ya dakika nne. Alisema mwizi wa kuku ana heshima yake, maana angalau kuku anamla. Hawa wameiba maneno ya chakula na kupika bado hawajui. Watu hawana haya, alisema, na wala hawajui vibaya. Sauti hiyo ilisambazwa mpaka Nizwa, naye alifurahi kweli.

Likabaki swali moja. Kamera haijui Kiswahili. Nani aliyewapa maana?

Bi Masouda alikuwa na jibu tangu siku ya kwanza. Nahodha wa Jabali, Muatasim, alikuwa amehamia Mabela na mama yake, Mahbuba, mwalimu wa biolojia ambaye watu wake walirudi Oman kutoka Tabora. Bi Masouda, mzaliwa wa Unguja, hakuwahi kugombana na watu wa bara. Aliwaonea huruma tu kwa Kiswahili chao, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko ugomvi.

"Mtu wa ndani huyo," alimwambia Aflah akimmiminia kahawa. "Mie nnakwambia, mtazame anayekaa Mabela. Wale lugha haiwaumi. Watampa yeyote."

Kesho yake Muatasim akavuliwa unahodha na kuambiwa asije mazoezini. Ikapangwa Alkhamisi baada ya alasiri kikao kiamue kumfukuza kwenye timu kabla ya fainali. Kijana alisema si yeye. Alisema mara moja, hakuna aliyemwamini.

Jumatano mtu akaitupa kundini picha ya ile orodha, ukurasa wa daftari ulioandikwa kwa Kiarabu. Bi Masouda alivaa miwani, akabonyeza kitufe cha sauti na kuanza kuwasomea watu huku akiudhihaki mwandiko. Alisoma pilipili, akacheka. Alisoma mkate wa kumimina, akasema hata kuku wangeandika vizuri zaidi. Akafika mstari wa tatu: "Bokoboko. Wanaushika mpira, wanausonga, mpaka mwiko ukatae."

Kidole kikateleza na sauti ikaenda hivyo hivyo. Watu wakaanza kuuliza mbona Bi Masouda kanyamaza.

Maneno hayo ya mwiko kukataa hayasemwi na mtu duniani ila wanawake wa nyumba yao. Bibi yake aliyasema, mama yake akayasema, na Aflah hajawahi kuyatamka uwanjani. Yeye huita neno moja tu, basi. Nje ya nyumba hiyo Bi Masouda alimwambia mtu mmoja. Alikuwa Reem, msichana wa kabila la Kiarabu la ndani ya Oman, asiyejua Kiswahili, aliyechumbiwa na kijana wa Kizanzibari, aliyekuja Jumamosi sita kujifunza mapishi ili asiaibike kwa mama mkwe. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akasema "shikhamoo", kwa kha nzito kabisa, na Bi Masouda akayeyuka. Msichana wa Kiarabu kujisumbua hivyo kwa ajili ya Kiswahili chao. Jumamosi ya bokoboko alimweleza yote, pilipili mpaka funika, akicheka na kupiga meza, na Reem akiandika katika daftari lake.

Alimpigia simu. Reem alieleza kuwa alikisimulia kisa kile nyumbani, kwa kucheka tu, na kaka yake Nasr akamwomba arudie, kisha akaliazima daftari. Nasr alikuwa msaidizi wa kocha wa Wadi Sidra. Reem alilia. Bi Masouda hakumgombeza, maana hakuwa na cha kumgombezea.

Usiku alikaa akifikiri kwamba mstari ule hakuna mwingine awezaye kuufuata mpaka kwa Reem. Akinyamaza, yamekwisha. Vijana husahau, alijiambia, atapata timu nyingine. Kisha akajisikia akisema hivyo, na akajidharau kuliko alivyowahi kumdharau mtu wa Mabela yeyote.

Kwenye kikao Mahbuba alikaa wima, mkoba magotini, mwanawe pembeni yake. Aflah alikuwa ameshaanza kusoma karatasi Bi Masouda aliposimama.

"Wadi Sidra paa la nini," alisema. "Maneno niliwapa mie, jikoni kwangu, na sahani nikawajazia. Kisha nikamsingizia kijana huyu kwa sababu mama yake hakuzaliwa Unguja. Sababu nyengine sina."

Aflah akamwambia, "Khaloo, kaa," lakini hakukaa. Alimgeukia Mahbuba na kumwomba radhi, yeye na mwanawe, mbele ya wote.

"Nimesikia, Bi Masouda," alisema Mahbuba.

Jioni ile kundi lilimla nyama. Mzee Maan aliuliza kama Wadi Sidra watadai warudishiwe paa lao. Yule mama alituma tena picha ya paka, safari hii yuko jikoni. Bi Masouda alisoma kila ujumbe mpaka wa mwisho.

Siku ya fainali Muatasim aliingia na kitambaa cha unahodha mkononi. Maneno ya zamani yalikuwa yametupwa. Aflah alikwenda Mabela kuomba mengine, katika jiko la Mahbuba. Bi Masouda alikunjua kiti chake karibu na mama huyo na kusalimu. Aliitikiwa vizuri.

Dakika ya kumi Aflah akaita "mlenda", na timu nzima ikafanya jambo ambalo Bi Masouda hakuliona mwanzo wake wala mwisho. Akaita tena. Mama wa Muatasim akatabasamu peke yake.

Bi Masouda aliinama pole pole upande wake. "Mlenda ndo nini?"

Mahbuba hakuyaondoa macho uwanjani. "Mlenda ni mboga, Bi Masouda."