Mti Haujalipwa

"Mti wangu haujalipwa, nawe umerudi na jembe!" Jirani yangu mchimba dawa alikuwa anamfokea Aliko, mtafiti kutoka Mbeya, nyuma ya shamba langu la kahawa hapa Isansa. Bibi huyu hachimbi mzizi kabla ya kuacha kitu shinani, punje za ulezi au sarafu, kisha hufukia shimo na kulipapasa kama mgongo wa mtoto anayebembelezwa. Vidole vyake vimekolea utomvu, sabuni imeshakata tamaa. Kila mtu kwake ni mjukuu, hata diwani mwenye mvi. Ukimpelekea uvimbe anaubonyeza, anaguna, anasema, "Hospitali kwanza. Mimi nina mizizi, sina mashine."

Mwaka jana Aliko alichimba bila kuacha kitu. Dawa ya ule mzizi iliua seli za saratani kwenye kichupa cha maabara, lakini panya walipopewa, uvimbe wao haukushtuka. "Ulitegemea nini?" bibi akamuuliza aliposimuliwa hayo. "Uliiba!" Kijana akasema akikosa mizizi mingine utafiti wake utafungwa. Akajipekua mifukoni. "Bibi, hela zangu zote zimo kwenye simu."

"Basi upigie mti."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Aliko akatoa kalamu, akapiga goti, akaiweka shinani kwa mikono miwili. Bibi akamtazama, midomo ikamcheza, akaiokota na kumchomekea mfukoni. "Mti haujui kuandika, mjukuu wangu. Umesamehewa. Chimba, lakini usinimalizie."