Macho ya Nsimire Yamerudi Chini

Saa tatu asubuhi, mvua inapiga mabati ya kituo cha kulelea watoto wenye ulemavu hapa mtaani Nguba, na Maman Apolline amejibanza nyuma ya ubao. Katikati ya ubao kuna tundu. Upande mmoja amening'iniza kikombe, upande wa pili ndizi. Kupitia tundu hilo anafuata macho ya msichana aliyeketi mbele yake.

"Nsimire, maman, unataka nini? Maji? Ndizi?" anamuuliza, akimwita mama kwa kumbembeleza.

Nsimire anaangalia sakafu.

Ana miaka saba, na maradhi aliyozaliwa nayo yamemnyang'anya uwezo wake kidogo kidogo. Alianza kusema, akaacha. Mikono yake inajisugua kutwa kama ya mtu anayenawa, haishiki hata kijiko. Yalibaki macho.

Macho hayo ndiyo kazi ya Apolline, ambaye kwenye karatasi za serikali ni citoyenne, yaani raia, Nabintu. Daktari mgeni alimfundisha kuyapima: jicho likitulia juu ya kitu mpaka umalize kuhesabu polepole hadi tatu, mtoto amechagua. Mwaka jana Nsimire alichagua kikombe, akapewa maji, akacheka. Kesho yake akachagua tena.

"Nililia pale pale nyuma ya ubao," anasema Apolline. "Nilisema, Mungu wangu, huyu mutoto iko ndani!"

Kisha ikaja Noeli, akapelekwa kijijini kwao Nyantende. Huko alimkazia macho koko, yaani bibi yake mzaa baba, akiomba uji. Sasa nani asiyejua kwamba kwetu mtoto mwenye adabu hamtazami mkubwa usoni? Koko alimshika kidevu, akakiinamisha. Kila alipoinua macho, kidevu kilishushwa tena, kwa upendo kabisa, likizo nzima.

"Hakuna mutu alimupiga," anasema baba yake, Papa Télesphore, mkulima. "Mama yangu alimufundisha heshima, kama vile alitufundisha siye wote. Tulifurahi! Tulisema, kumbe anaweza kujifunza."

Maskini, walifurahi. Somo la kwanza walilomwona akilishika ndilo lililomfunga kinywa.

Tangu arudi hajachagua kitu. Leo baba amekuja kumchukua moja kwa moja.

"Maman, nilikuamini," anasema bila hasira. "Lakini mutoto hajibu. Acha akae kwetu."

Kwao maana yake ni mkeka wa pembeni, na kulishwa pale mtu anapokumbuka. Apolline ameshawaona watoto wa namna hiyo, na wengine amewazika.

"Akienda leo, atakufa na kiu, na maji iko pale pembeni yake," ananiambia mimi mgeni wake.

Amemwomba Papa Télesphore jambo moja tu: angoje mvua ikatike.

Anausukuma ubao kando. Anachukua kikombe na ndizi, anaviweka juu ya saruji, vikiwa vimeachana kidogo, pale pale macho ya Nsimire yalipo. Kisha mama huyu wa makamo, na kitenge chake cha kanisani, analala kifudifudi sakafuni ili ayaone macho kutoka chini.

"Kama macho inabaki chini, na miye nitatumikia chini," anasema. "Nitaanza upya, hata ichukue mwaka. Papa, angalia kwanza."

Macho ya Nsimire yanasogea, yanafika kwenye kikombe.

"Moja," anahesabu Apolline.

Mvua imekatika, mabati yamenyamaza. Papa Télesphore amesimama mlangoni, anaangalia barabara, na kofia ameshavaa.

"Mbili."